Aliyehesabu Mbung'o: Maisha ya Swynnerton wa Old Shinyanga

Mwaka jana nilikwenda BTP katika sekondari moja mkoani Geita. Kwa wasiosoma ualimu, BTP ni yale mazoezi ya kufundisha ambapo unapelekwa shuleni bumu likiwa limeshakata, na kidato cha tano wengine wamekuzidi kimo. Nilipangiwa Biolojia. Mada ilikuwa ikolojia, na ndani yake kuna kipengele cha kukadiria idadi ya viumbe: unawakamata, unawawekea alama, unawaachia, kisha unakamata tena.

Vifaa hatukuwa navyo, nikatumia maharage. Nilimwaga maharage kwenye beseni, nikachukua 100 nikayapaka wino, nikayarudisha na kuchanganya. Mwanafunzi mmoja akafumba macho akachota 50, tukakuta 5 yana wino. Maana yake moja kati ya kila kumi lina alama. Na kwa kuwa tuliyoyapaka ni 100, beseni zima lina kama 1,000. Tukakaa kuyahesabu yote moja moja, yakatoka 1,000 na ushee. Darasa likashangilia kama timu imefunga bao la dakika ya 90.

Kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwao Nyarugusu wana duara la dhahabu, akaniuliza, Madam, hii kitu imewahi kumsaidia nani hapa kwetu? Kitabu kilikuwa na mfano wa samaki wa ziwa la Ulaya. Nikajibu kama wanavyojibu walimu wote wasiojua: tutaliona kipindi kijacho.

Jioni nikampigia mjomba yupo Shinyanga, nikamsimulia kama utani. Akacheka sana. Akaniambia kumbe baba yake bibi, yaani babu mkubwa ambaye sikumkuta, aliifanya kazi hiyohiyo pale Old Shinyanga enzi za Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kutembea porini na wavu, kukamata mbung'o, kuwapaka rangi mgongoni na kuwaachia. Nyumbani walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa ila analipwa. Mdudu anaua ng'ombe wako, umemshika mkononi, halafu unamwachia aende?

Basi nikaanza kumtafuta bosi wake. Nimemsoma kwa miezi kadhaa sasa, maktaba na kwenye vimbweta, na naona wanachuo wenzangu mnahitaji kumjua, hasa sisi tuliopita shule wakati wa korona.

Jina lake ni Charles Francis Massy Swynnerton. Waliosoma historia ya Kenya watafikiria ule Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuhusu ardhi na kilimo cha Waafrika. Huyo ni Roger, mtoto wake. Baba ndiye wetu.

Swynnerton alizaliwa Uingereza mwaka 1877, lakini utoto wake aliupitia India, ambako baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1897, akiwa hajafikisha miaka 20, alikuja Afrika. Hakwenda chuo kikuu. Alipata kazi ya kusimamia shamba la Gungunyana, karibu na msitu wa Chirinda, upande wa mashariki wa nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Shamba ndiyo ilikuwa ajira, ila akili ilikuwa msituni. Alikusanya ndege, mimea, vipepeo na panya, akavipeleka kwenye makumbusho London. Kuna ndege mdogo mwenye jina lake ambaye anapatikana hata kwenye misitu yetu ya Usambara na Udzungwa.

Kitu kilichonivutia kwake ni subira. Alitaka kujua kama ndege kweli huwakwepa vipepeo wenye ladha mbaya. Mwingine angeangalia mara tatu akaandika. Yeye alifuga ndege, akawa anawapa wadudu mmoja mmoja, siku baada ya siku kwa miaka, akiandika kila aliyeliwa na kila aliyetemwa. Ninaposema ni baba wa ufuatiliaji katika sehemu zetu hizi, namaanisha tabia hiyo: kufanya jambo lilelile, kwa namna ileile, hata siku ambayo hakuna jipya.

Mwaka 1918 aliombwa kuchunguza mbung'o katika eneo la Mossurize, upande wa Msumbiji. Hapa ndipo maisha yake yalipobadilika, na walimu wake hawakuwa maprofesa. Walikuwa wazee wa kule. Walimsimulia habari za mfalme Mzila wa dola ya Gaza, karne ya 19, ambaye aliingia kwenye nchi yenye mbung'o, akawaleta watu wengi waishi karibu karibu, wakalima, wakakata vichaka, wakachoma nyasi kwa mpango na kupunguza wanyama pori. Mbung'o wakarudi nyuma, ng'ombe wakakaa. Baadaye watu walipotawanyika, pori likarudi na mdudu akarudi nalo. Swynnerton aliyachukua maelezo hayo kwa uzito, akaenda kuyapima ardhini, akayachapisha mwaka 1921. Yaani wazo kubwa kuliko yote aliyokuja nayo Shinyanga alifundishwa na wazee wa Kiafrika.

Mwaka 1919 Waingereza walimteua kuwa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya wanyama pori Tanganyika. Fikiria nchi aliyoikuta. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imemaliza ng'ombe. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimechukua wapagazi na chakula. Kisha mwishoni mwa 1918 ikaingia ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikapitia bandarini, ikapanda treni, ikafuata askari na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao. Iliua watu wengi Afrika Mashariki, lakini ilipita haraka mno na wa kuhesabu hawakuwepo. Mpaka leo idadi zinazotajwa ni makisio. Kijiji kilichopoteza watu hakikuacha namba, kiliacha mashamba yenye vichaka.

Na mbung'o anapenda nini? Kichaka. Tukumbushane kidogo Biolojia. Jike la mbung'o hatagi mayai mia mbili kama nzi wa chooni. Huzaa buu mmoja kwa wakati, analidondosha kwenye udongo laini wenye kivuli, nalo linajifukia. Kivuli kikiondoka, jua la Shinyanga linamaliza kazi. Kwa hiyo watu wakipungua, kivuli kinaongezeka, mbung'o anaongezeka, na nyuma yake zinakuja nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu.

Malale haikuwa hadithi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria, wengi upande wa Uganda. Mwaka 1922 ikagundulika huku kwetu, upande wa Maswa, kusini mashariki mwa Mwanza. Swynnerton akaenda. Madaktari waliwaangalia wagonjwa, yeye akaangalia njia walizopita: wanachota maji wapi, wanakata kuni wapi, wanakutana na mdudu saa ngapi. Akakusanya mbung'o wa pale na kuona kwamba mmoja hafanani na wale waliojulikana. Mwaka 1923 mdudu huyo alitangazwa kuwa spishi mpya, akaitwa Glossina swynnertoni. Mpaka leo yupo Serengeti, na ukienda na gari dirisha likiwa wazi utamjua kabla hujaambiwa jina lake.

Kisha ukaja wakati wa kufanya jambo. Katika Usiha, Shinyanga, Swynnerton alishirikiana na Chifu Makwaia, baba yake Kidaha Makwaia aliyekuja kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Chifu alitoa amri na watu wakatoka kwa maelfu na mashoka, msimu wa kiangazi, kufyeka. Nyasi nazo zilizuiwa zisichomwe mapema. Zilisubiriwa zikauke wilaya nzima, ndipo zinachomwa mwishoni mwa kiangazi moto ukiwa mkali wa kuua vichaka. Ardhi ikafunguka. Ng'ombe wakarudi mahali ambapo walikuwa hawakanyagi. Wasukuma wenyewe walikuwa na ujuzi na desturi ya kufanya kazi kwa pamoja, hilo lilisaidia. Ila tusipambe: ilikuwa amri ya chifu iliyosimama juu ya amri ya mkoloni, na aliyekosa kufika aliulizwa.

Mwaka 1929 akaachana na wanyama pori akawa mkurugenzi wa idara mpya ya utafiti wa mbung'o, na makao yake yakawa Old Shinyanga. Wale mnaopita na mabasi ya Mwanza mkaona Shinyanga ni mahali pa kununua karanga tu, jueni kwamba miaka ya 1930 watafiti wa mdudu huyu duniani waliitazama Shinyanga kama sisi tunavyotazama vyuo vya nje. Pori liligawanywa vipande. Hapa wanazuia moto, pale wanachoma kwa kuchelewa, hapa wanafyeka kabisa, pale wanakata aina fulani ya miti tu. Kila kipande kinapimwa.

Kilipimwaje? Hapo ndipo babu yangu anapoingia. Kulikuwa na njia zilizokatwa porini, zinazunguka na kurudi pale zilipoanzia. Kikundi cha wakamataji kilitembea njia hiyo kwa siku zilizopangwa. Mbung'o wanafuata kitu kinachotembea, kwa hiyo watu wenyewe ndio walikuwa chambo. Walisimama kwenye vituo vilevile, wakakamata waliotua, wakaandika dume wangapi na jike wangapi, wakaendelea. Mwisho hesabu ikafanywa: madume wangapi kwa kila yadi 10,000, ambazo ni kama kilomita tisa hivi. Ndiyo namba yenyewe. Haikusema pori lote lina mbung'o wangapi. Ilisema tu kwamba mwezi huu, kwa mwendo uleule, wamekuja wengi au wachache kuliko mwezi uliopita.

Mwanzoni niliona ni namba dhaifu. Sasa naona ndiyo siri yenyewe. Huwezi kuhesabu mbung'o wote, kama usivyoweza kuhesabu kikohozi chote cha mkoa. Unachoweza ni kupita njia ileile kwa namna ileile, ili namba ikipanda ujue kilichopanda ni mdudu na si bidii yako. Ukibadilisha njia kila wiki, au ukaenda siku unayojisikia, daftari lako linapima mood yako tu.

Na ile kazi ya rangi? Mtafiti mmoja wa idara hiyo, C. H. N. Jackson, aliwatia mbung'o alama za rangi ya kuchorea picha, rangi na sehemu tofauti kwa siku tofauti, wakaachiwa, wakakamatwa tena. Kwa kuangalia wangapi wamerudi na alama aliweza kukadiria idadi, umri na umbali wanaokwenda. Alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo duniani kuitumia njia hiyo kwa wadudu. Kwa hiyo yale maharage yangu ya Geita, ambayo kitabu kiliyapeleka ziwa la Ulaya, yalikuwa na historia kilomita zisizofika 200 kutoka darasani. Kipindi kilichofuata nilimjibu yule kijana wa Nyarugusu. Nilijibu kwa kiburi kidogo, nisameheni.

Mwaka 1936 Swynnerton alichapisha kazi yake kubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki, kurasa zaidi ya 500. Miaka miwili baadaye, Juni 1938, akiwa na miaka 60, alipanda ndege ndogo kwenda Dar es Salaam kupokea nishani ya mfalme. Aliambatana na mtaalamu wa mimea wa idara hiyo, B. D. Burtt. Ndege ilianguka njiani na wote wakafa. Mtu aliyetembea porini kwa miguu miaka 40 akafia safari ya heshima.

Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa hadithi nzuri. Lakini nasomea ualimu, na mwalimu akisahihisha lazima aangalie pia kile ambacho mtahiniwa hakukiandika.

Hesabu ile ilihesabu mbung'o. Haikuhesabu miti kama kitu chenye thamani. Kufyeka kuliendelea kwa miaka mingi baada ya Swynnerton, pamba ikaongezeka, mifugo ikaongezeka, na kufika miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa zinaitwa jangwa. Ndipo mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao ulirudi kwenye ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Kufika mwaka 2000 zaidi ya hekta laki tatu zilikuwa zimeanza kurudisha miti. Wazee walitoa wazo la kufyeka, na wazee haohao ndio waliokuwa na wazo la kuotesha.

Hesabu ile pia haikuhesabu gharama kwa watu waliohamishwa. Kwenye mapori ya magharibi mwa Kahama na kwingineko, serikali iliwaondoa watu kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwakusanya kwenye vijiji vya malale, wapende wasipende. Na baada ya Swynnerton kufa, kati ya 1945 na 1950, Shinyanga kulifanyika jaribio la kuua wanyama pori kwa maelfu ili kuona kama mbung'o watakosa damu wafe. Fikiria, katika idara iliyoasisiwa na mtu aliyeanza kama mlinzi wa wanyama. Geita yenyewe, ambayo leo ina malori na makarasha kila kona, sehemu zake nyingi zilikuwa pori la mbung'o mpaka Wasukuma wengi walipohamia huko katikati ya karne na kulifungua.

Na la mwisho, daftari lile halikuwahesabu waliohesabu. Nimeona majina ya wazungu karibu wote wa idara. Jina la babu yangu sijaliona, wala la wenzake, ingawa namba zote zile ziliingia kwenye karatasi kwa mikono yao na kwa kuumwa wao, maana chambo alikuwa ngozi yao.

Sasa nieleze kwa nini nasema jambo hili lina uzito kwangu.

Korona ilipotangazwa nchini Machi 16, 2020, nilikuwa kidato cha tano. Shule zikafungwa, nikarudi Old Shinyanga kwa bibi. Tulinawa kwenye ndoo ya maji tiririka, tukachemsha tangawizi na malimao, tukapiga nyungu. Jioni tulisikiliza redio tupate idadi ya leo. Bibi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa anazikumbuka namba za jana na kuzilinganisha. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia baba yake alimfundisha kwamba namba moja haisemi kitu mpaka ipate mwenzake. Wakati ule sikujua baba yake alikuwa nani.

Mwanzoni mwa Mei namba zilikoma. Zilibaki pale kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikaja kuanza tena kutolewa katikati ya 2021. Bibi alifariki katikati ya kimya hicho, Februari 2021. Aliugua siku tisa. Msibani iliposomwa historia ya marehemu, ikasemwa amefariki kwa changamoto ya upumuaji. Mwezi ule, mtaa wetu peke yake, nilikwenda misiba mitatu ya changamoto ya upumuaji. Mimi sijui bibi alikufa na nini. Inaweza kuwa korona, inaweza kuwa nimonia ya kawaida, moyo, hata pumu ya uzee. Sitaki kumlaumu mtu na sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba changamoto ya upumuaji si jina la ugonjwa. Hakuna safu ya daftari unayoweza kuliandika halafu mwezi ujao ukalinganisha. Mtoto wa mhesabu mbung'o aliondoka bila kuhesabiwa.

Nchi nyingi, na yetu ikiwemo, hufuatilia virusi vya mfumo wa hewa kwa njia ambayo Swynnerton angeitambua mara moja. Hospitali chache huteuliwa, si zote. Kunakuwa na kipimo kimoja cha nani ahesabiwe, kwa mfano mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi, kilichoanza ndani ya siku 10. Baadhi yao huchukuliwa ute wa puani na kooni, unapelekwa maabara, na kila wiki inaandikwa kati ya waliopimwa wangapi wana virusi na ni vya aina gani. Ni njia ileile porini, vituo vilevile, wavu uleule. Namba ikiruka, unajua kuna kitu kimeingia kabla wodi hazijajaa.

Geita ndipo nilipoelewa kwa nini maabara ni lazima. Kule kila mtu anakohoa. Anayesaga mawe anakohoa kwa vumbi, mwingine ana TB, mwingine ana vumbi na TB pamoja, mwanafunzi anakohoa kwa mafua ya bwenini. Na watu hawatulii: dhahabu ikitoka Katoro wanakwenda Katoro, ikisikika Kahama wanahamia Kahama, na kikohozi wanakibeba. Kwa masikio tu huwezi kutofautisha. Swynnerton naye, kama asingemtazama yule mbung'o wa Maswa kwa karibu, angemwandika kwa jina la mwingine.

Wiki sita za mwisho za BTP tulifanya zoezi dogo na kidato cha tano. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi, baada ya mstari, wanafunzi wawili walipita mabweni na madarasa wakaandika waliokosa kipindi kwa mafua au kikohozi chenye homa. Bila majina, namba tu. Wiki tatu za kwanza tuliandika mbili, tatu, mbili. Darasa likachoka, wakataka tuache kwa kuwa hakuna kinachotokea. Nikawaambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wiki ya nne ikawa tano, kisha tisa, kisha 14, na karibu wote bweni moja. Tulimpelekea matroni daftari. Hakubishana nasi maana namba zilikuwa na wenzake wa wiki tatu nyuma. Madirisha yaliyokuwa yamepigiliwa maboksi yakafunguliwa, vitanda vikaachanishwa, wenye homa wakapelekwa zahanati. Siwezi kudai tumezuia chochote, maana huenda mafua yangepungua yenyewe. Lakini kwa mara ya kwanza niliona watu wakifanya jambo kwa sababu ya mstari wa namba uliokuwa hauna maana wiki mbili kabla.

Wenzangu wa ualimu, mwaka huu wengi mtapangiwa shule za mbali na mtalalamika, hata mimi nililalamika. Nendeni na daftari moja la kurasa 80. Chagueni kitu kimoja mkihesabu kwa namna ileile kila siku: watoro, mafua, mvua, watoto wanaokuja bila kula. Kisha jiulizeni ni kipi hamkihesabu, na ni nani anawahesabia. Swynnerton alilifanya la kwanza vizuri kuliko wote waliomtangulia Shinyanga. La pili alituachia sisi.

Daftari la Geita nililiacha kwa yule kijana wa Nyarugusu. Mwezi uliopita alinitumia picha kwa WhatsApp. Bado wanaandika. Wiki hiyo ilikuwa mbili, tatu, moja, mbili, na chini kabisa wameweka majina ya walioandika.